Heshima kwa Mheshimiwa Ndezi

Watu wa Awendo na Ndhiwa, magharibi mwa Kenya, humtaja ndezi, yule mgugunaji mkubwa wa matete na miwa, kwa matusi tu. Mkulima akikuta miwa yake imelala chini, imekatwa shinani, hutukana kwanza, kisha huita mbwa. Hakuna anayejiuliza kazi safi namna ile imefanywa kwa chombo gani. Mimi nimeamua kumsifu. Wanasiasa wa huku wana wapambe wa kutosha. Yeye hana hata mmoja.

Nianze na meno. Ndezi wako aina mbili, mkubwa na mdogo. Kila jino la mbele la juu la ndezi mkubwa lina mifereji mitatu iliyosogea upande wa ndani. Kwa nduguye, ndezi mdogo, mifereji hiyo imetawanyika sawasawa. Panya wa nyumbani hana hata mmoja. Meno yenyewe hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo shamba lako ndilo tupa yake. Lakini fahari yake hasa imo kwenye fuvu. Mbele ya jicho ana tundu pana, na msuli wa kutafunia hupenya humo ukaenda kujishikiza kwenye pua. Panya wa nyumbani amepewa mwanya mwembamba tu, ndiyo maana anahangaika na sabuni na magunia.

Vipimo vingine visemwe bila haya. Panya wa nyumbani mara nyingi hafiki gramu 250. Ndezi ni kilo nne hadi saba, na dume aliyenona huzidi hapo. Kichwa na kiwiliwili hukaribia nusu mita. Mkia wake ni mfupi na hukatika upesi, hivyo mbwa akiung'ang'ania, anaachiwa uwe zawadi. Ujauzito ni miezi mitano hivi, ilhali panya wa nyumbani humaliza yote kwa wiki tatu. Mtoto wa ndezi huzaliwa na manyoya, macho wazi, tayari kukimbia. Hana haja ya chekechea.

Tabia hizi si za panya wa hapa. Jamaa wengi wa ndezi wako Amerika Kusini. Degu wa Chile, mwenye gramu 200 hivi, akikamatwa mkia huvua ngozi yake akaondoka. Simbilisi naye huzaliwa macho wazi, na fuvu lake lina tundu lilelile pana. Wataalamu wengi wanaona kwamba wahenga wa wanyama hao walivuka Atlantiki kutoka Afrika zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, pengine juu ya magogo na majani yaliyoelea. Hawakuombwa viza.

Upande wa ndezi ulibaki Afrika, na ushahidi tunao. Mwaka 1914, mtaalamu wa visukuku C. W. Andrews alichapisha maelezo ya mabaki yaliyokusanywa na Felix Oswald kule Karungu, Nyatike, na mnyama mmoja akampa jina la Paraphiomys pigotti. Ni wa ukoo wa ndezi, na umri wake unazidi miaka milioni 17. Wenzake wamechimbuliwa kisiwa cha Rusinga pia. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilianza kusaga miwa mwaka 1979. Sasa nani amevamia ardhi ya nani? Ikija siku ya kugawa hati za mashamba kwa waliotangulia, naomba niwe mbali.

Simbilisi, baada ya safari ile ndefu, alirudishwa Afrika na binadamu. Leo kule Kivu, na kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, anazunguka jikoni akila maganda huku sufuria ikimsubiri. Ndezi ambaye hakusafiri popote analala kwenye matete ya Mto Kuja. Chakula chake kimepandwa, kimepaliliwa na kutiwa mbolea na mtu mwingine, na malipo ya miwa yakichelewa, si yeye anayekwenda kupanga foleni.