Mzima wa Afya, Kalala Mchana

Nchi hii inakuruhusu kulala mchana kwa sababu tatu tu: unaumwa, umetoka zamu ya usiku, au una mgeni chumbani ambaye hutaki aonekane. Mtu mzima, mzima wa afya, akijifungia peke yake chumba cha hoteli saa tano asubuhi siku ya Jumatano eti amechoka tu, huyo ana lake jambo. Nimelithibitisha hilo Tabora, na kiuno changu ni shahidi.

Nilikuwa naelekea Kigoma kwa barabara. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na umri wangu kiti cha basi kinaujua kuliko cheti cha kuzaliwa. Zamani usingehitaji kujieleza. Usiku wa manane mabasi hayakuruhusiwa barabarani, kwa hiyo muda ukifika mnalala mlipo na hakuna anayekuuliza. Mwaka 2023 Serikali ikaruhusu safari za usiku, na tangu hapo anayeshuka katikati ya safari kwa hiari yake anaonekana amepatwa na kitu. Kondakta aliponiona nashusha begi alinisogelea taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepigiwa simu ya msiba.

Mapokezi kulikuwa na kitabu cha wageni. Kila aliyewahi kulala gesti anakijua: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, sababu ya safari. Shuka lina haja gani ya kujua kabila langu, hilo waulizwe waliokichora. Nikaandika Mzaramo. Kwenye sababu nikaandika kupumzika. Dada wa mapokezi akakigeuza kitabu, akasoma, akanitazama.

“Baba, hapa tunaandika biashara, kikazi au matembezi.”

“Sitembei popote, mwanangu. Nataka kulala.”

“Sawa, usiku. Sasa mchana?”

“Na mchana.”

Akakata neno langu kwa rula, akaandika biashara, akanipa ufunguo ulioning'inizwa kwenye kipande cha mbao kinachotosha kuchemshia chai.

Mpango wangu ulikuwa kuamka nitakapoamka. Saa kumi na mbili na nusu ufagio wa chelewa ukaanza kazi chini ya dirisha langu. Ilikuwa Desemba. Miembe ya Tabora mnaisikia, imejaa mji mzima, na wazee wanasema mingi imetokana na misafara ya zamani. Inapendeza sana ukikaa chini yake. Chumba changu kilikuwa chini ya bati, bati ndilo lilikuwa chini ya mwembe. Embe likianguka usiku unaamka umekaa, unajiuliza ni mwizi au ni Israili. Asubuhi kijana anafagia majani yake, anaimba pambio, na akifika kwenye ubeti mzuri anasimama chini ya dirisha ili aumalize vizuri.

Saa moja, hodi: chai tayari. Saa mbili, hodi: baba, chai inapoa. Saa mbili na nusu: baba, chai inaisha saa tatu, na imo kwenye bei ya chumba. Hapo ndipo waliponiweza. Usingizi naweza kuuahirisha. Yai nililokwisha kulilipia siwezi kulisamehe.

Nikatoka na kandambili za hoteli, moja ya mtoto, moja ya mtu wa miraba minne. Ukumbini kulikuwa na watu wenye vitambulisho shingoni, kwa sababu hoteli ya mkoani bila semina haijawahi kujengwa. Vipande vya soseji vilikuwa vimekatwa kwa namna ya kukufanya udhani umepata vingi. Bwana mmoja akanikaribisha mezani, akaniuliza natoka halmashauri gani. Kabla sijajibu karatasi ya mahudhurio ikawa imenifikia. Nakiri niliitazama kwa muda. Ndiyo kazi pekee nchini ambayo mtu analipwa kwa kukaa, na mimi ndicho nilichokuja kufanya, tena nikijilipia mwenyewe. Nikaipitisha kwa jirani, roho ikiuma.

Kurudi chumbani, semina ikanifuata. Spika yao ilikuwa imeelekezwa ukuta wa kitanda changu, na mwezeshaji alikuwa anafundisha matumizi bora ya muda. Kila baada ya hoja anasema “tuko pamoja?”, watu wanaitikia “tuko pamoja!”, na mimi, nimejifunika shuka usoni, nikajikuta naitikia.

Hodi. Kijana wa usafi anataka kubadilisha shuka. Namwambia shuka bado nalitumia, nimo ndani yake. Anaondoka, anarudi kuulizia taulo. Baadaye akaja dada wa mapokezi mwenyewe: baba, unatoka leo au unaongeza? Mwisho ni saa nne. Nikamwambia nimeongeza, hela nimetoa jana, risiti iko chini ya Biblia ya hoteli. Hakuondoka. Alisimama mlangoni anachungulia kwa heshima, jicho linazunguka chumba kutafuta viatu vya kike.

Wakati huohuo mama watoto akapiga simu ya video, akaniambia nigeuze kamera. Nikageuza. Akaona mlangoni kuna dada.

Tuyaache hayo.

“Baba, kama huna kazi,” akasema yule dada mambo yalipotulia, “si uende Kwihara ukaone nyumba ya Livingstone? Wageni wote wanaenda.”

Kwihara ni nje kidogo ya mji, kuna tembe lililofanywa makumbusho. Sikwenda, lakini Livingstone namheshimu kwa jambo moja ambalo naona halitiliwi mkazo: yule mzee alikaa. Stanley alimwacha huko Machi 1872, akaenda pwani kumtafutia wapagazi, naye akangoja mpaka Agosti. Burton na Speke nao walifika Novemba 1857, mji ukiitwa Kazeh, safari ya ziwani bado mbichi, na wakatua zaidi ya mwezi mzima wakitunzwa na mwenyeji wao Snay bin Amir. Sidhani kama Snay aliwagongea saa nne asubuhi kuwauliza wanatoka au wanaongeza. Mji huu ulikuwa kituo cha kupumzikia. Misafara ya pwani na ya Ujiji ilitua hapa, wapagazi wakalipwa, wengine wakatafutwa, na hakuna msafara uliokwenda mbele kwa haraka. Leo kuna lami na basi la usiku, mtu hana ruhusa ya kulala hata mpaka adhuhuri.

Nikamweleza yote hayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Ndiyo, lakini waliobeba mizigo walikuwa babu zetu. Nyie Wazaramo mlikuwa mmekaa barazani mnawangoja wafike.” Mnyamwezi kumbe! Na utani wa makabila yetu mawili ulizaliwa kwenye njia hiyohiyo ya misafara, kwa hiyo sikuwa na mahakama ya kukatia rufaa. Kuanzia hapo hoteli nzima ikajua. Kijana wa ufagio akipita dirishani anasalimia, “Mtani, umechoka kukaa?”

Labda ningelala mchana. Lakini mama watoto, katika kuhakikisha usalama wangu, alikuwa ameshampigia shemeji yake anayeishi Isevya. Saa nane bodaboda ikasimama mlangoni. Umefika Tabora hujaja kutusalimia? Umelala hotelini, sisi tumekufa? Kosa kama hilo halina utetezi. Nilipelekwa Isevya, nikalishwa ugali na kuku, kisha nikala tena kwa jirani kwa sababu naye amesikia. Nikaamua kesi ya vijana wawili na baiskeli. Nikasuluhisha mahari ambayo wahusika wenyewe sikuwaona. Kila nikisinzia kwenye kiti mtu anasema, “Mwacheni shemeji apumzike,” halafu anavuta stuli karibu ili anieleze jambo jingine.

Walinirudisha usiku. Basi la Kigoma lilikuwa la alfajiri. Kwenye siti ya bodaboda, kati yangu na dereva, kulikuwa na kidumu cha asali, na mgongoni nilikuwa nimebebeshwa mfuko wa michembe, vyote vya mtu fulani Kigoma ambaye atanipokea stendi. Dada wa mapokezi alinitazama nikipita na mzigo, akaupima kwa macho.

“Mtani,” akasema, “huo weka kichwani. Mgongoni utakuumiza kiuno.”