Simu Mbele ya Kadamnasi

Katika vyombo vyote ambavyo watu wa zama hizi wamejaaliwa kuvimiliki, sidhani kama kipo kilichozoea faragha kuliko simu ya mkononi, kwa kuwa kioo chake hufunikwa kwa kiganja, na mwenyewe, akihisi jicho la jirani, huigeuza kifudifudi bila ya mtu kumwona kuwa amekosa adabu. Kompyuta ya mezani ni kinyume chake: kioo chake kipana humkabili kila aingiaye. Kwa hiyo anayetaka ya kwanza ionekane ndani ya ya pili hana budi kujiuliza kwanza ameweka nini simuni mwake, swali ambalo aghalabu haliulizwi.

Kamati ya harusi ya mpwa wangu, iliyokutana sebuleni kwangu Tanga, ilinichagua mhazini, na daftari la ahadi za michango lilikuwamo simuni mwangu. Wajumbe walikuwa wakipokezana simu hiyo mkono kwa mkono, kila mmoja akilikuza jina lake kwa vidole vilivyotoka kwenye sahani ya kachori, hata bwana harusi mwenyewe akasema, “Mjomba, kwa nini tusiione kwenye kompyuta?”

Ipo njia isiyotumia waya, iitwayo Miracast, iliyotangazwa mwaka 2012, lakini inahitaji kompyuta yenye Wi-Fi, na yangu haikujaaliwa neema hiyo. Tukarejea kwenye waya, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba zipo nyaya zinazopitisha umeme tu wala hazipitishi habari, na kwamba kwa sura hazitofautiani hata kidogo na nduguze. Tulipoupata waya mkamilifu, mpwa wangu akaleta programu ya bure iitwayo scrcpy, iliyotolewa mwaka 2018, ambayo haimlazimu mtu kusakinisha chochote simuni, ila yataka kwanza simu iruhusu kuamriwa na kompyuta. Na ruhusa hiyo imefichwa mahali pa ajabu, kwani sharti mtu aingie kwenye mipangilio, aitafute nambari ya muundo, aibonyeze mara saba, ndipo simu imtangazie kwamba tangu sasa yeye ni msanidi programu. Nimewajua vijana waliokaa chuoni miaka mingi wakikitafuta cheo hicho. Mimi nilikipata kwa kidole.

Simu yangu ikatokeza kiooni kwa ukubwa wa kutisha. Wajumbe wakapiga makofi. Daftari likasomeka hata na mzee aliyesahau miwani nyumbani, na ikadhihirika kwa wote kwamba mbele ya jina la Bwana Mwenyekiti palikuwa na ahadi ya shilingi laki mbili, na mbele ya ahadi hiyo palikuwa peupe.

Katibu akaomba tuone na salio la benki. Nikaifungua programu yake, na kioo cha kompyuta kikawa cheusi tititi, kwa sababu waundaji wa programu za fedha huziwekea kurasa zao alama inayoizuia simu kuzinakili au kuzionyesha penginepo. Nikainua simu kuwathibitishia kwamba salio lipo na linaonekana, lakini wajumbe, waliokwisha kuiamini kompyuta kuliko mhazini, walitazamana kwa namna ambayo sikuipenda.

Nilikuwa bado katika kuitetea amana yangu uliposhuka juu ya kioo ujumbe wa shangazi yangu: “Mwanangu, huyo mwenyekiti wenu kalipa?” Nikakimbilia kipanya ili niuondoe, nacho, kwa haraka ile, kikaufungua, yakatandazwa mazungumzo yetu ya juma zima, pamoja na kauli yake kwamba bwana yule kwenye ahadi ana sauti ya mwadhini na kwenye malipo ana sauti ya mbu, na chini yake jibu langu, vijisura vinavyocheka hata vikatoa machozi. Hapo kioo hakikuwa cheusi. Mafundi wa simu, kwa hekima yao, wametambua kwamba shilingi zastahili sitara, shangazi hawakumfikiria. Mpwa wangu alininong’oneza kwamba ipo hali ya kutosumbuliwa inayozuia jumbe kama hizo zisitokeze, nami nikamshukuru kwa kunihabarisha mapema.

Bwana Mwenyekiti alivaa miwani yake, akasoma yote kwa utulivu wa mtu asomaye hati kabla ya kuitia saini, kisha akatoa simu yake mfukoni na kuibonyezabonyeza bila kusema neno. Punde si punde, juu ya maneno ya shangazi, kiooni pakashuka taarifa kwamba nimepokea shilingi 200,000.

Katibu akatoa hoja kwamba kompyuta ile itumike katika kila kikao mpaka siku ya harusi. Hoja ikaungwa mkono na wajumbe wote, isipokuwa Bwana Mwenyekiti na mhazini.