Mbinu Saba za Kurusha Ukumbi, Kuanzia ya Kichovu hadi Kiboko Yao

Orodha hii imepangwa kwa haki kabisa, yaani kwa kufuata masikio yangu. Una biti ya kielektroniki, unataka watu wainue mikono. Twende kinyumenyume, na ubishi ni bure.

7. Kuongeza sauti ya kila kitu
Kwenye kompyuta dari ni desibeli sifuri. Ukishaligusa, hakuna ghorofa nyingine. Unachozidisha ni mikwaruzo. Vyote vikipanda pamoja, hakuna kilichopanda.
*Hukumu:* DJ atakupunguza kwa kidole kimoja.

6. Ule mlio wa "shuuuuu" unaopanda
Pamoja na kile kingoma kinachogonga mara moja, mara mbili, mara nne, mara nane... Unafanya kazi, sikatai. Ila ni ahadi hiyo, na dropu, yaani pale mdundo wote unaporudi kwa kishindo, ikija nyepesi watu wanakwenda zao kununua soda.
*Hukumu:* Usitangaze usichonacho.

5. Kutawanya sauti kushoto na kulia
Mwaka 1977, kwenye "I Feel Love" ya Donna Summer, Giorgio Moroder aliipa kila noti ya besi mwangwi wake: noti upande huu, mwangwi upande ule. Besi ikaanza kukimbia kama ina miguu minne. Lakini spika nyingi za kumbi huchanganya pande zote kuwa moja, kwa hiyo tawanya vinanda na makofi, besi iache katikati.
*Hukumu:* Moroder anaruhusiwa. Wewe bado.

4. Saidicheni
Kiki, yaani ile ngoma ya chini inayogonga kifua, na besi hugombania chumba kimoja. Kompresa huilazimisha besi ishuke kila kiki inapopiga, kama konda anayeruka chini mlangoni abiria apite, kisha anadandia tena. Siri iko kwenye kudandia: kwa midundo 128 kwa dakika, kati ya kiki na kiki kuna milisekunde 469 hivi. Besi ikichelewa kurudi, wimbo unakosa nguvu. Ikiwahi, ugomvi uko palepale. Sikiliza "Call on Me" ya Eric Prydz ya 2004 uone wimbo mzima unavyohema.
*Hukumu:* Ya lazima, ila usiihemeshe mpaka ipate pumu.

3. Kasi ya singeli
Wakati muziki wa hausi unatembea kwa midundo 120 hadi 130, vijana wa singeli wa studio ya Sisso pale Mburahati, Dar es Salaam, wanapita 200 na kuitafuta 300. Albamu ya "Sounds of Sisso", iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, haina huruma. Hapa hesabu inabadilika: kwa midundo 250, pigo moja lina milisekunde 240 tu. Kiki yenye mkia mrefu itaikanyaga inayofuata, hivyo kila sauti lazima ikatwe fupi, kavu. Mnauliza kwa nini si namba moja? Goti langu lilipiga kura.
*Hukumu:* Inavunja sheria zote na bado inashinda.

2. Ukimya
Zima kila kitu nusu pigo kabla ya dropu, na mwangwi pia, maana wengi huusahau ukajaza lile pengo. Tatizo ni moja: siku hizi watu wanaruka kabla hujazima.
*Hukumu:* Tamu, lakini imeshazoeleka.

1. Kuiba besi polepole
Vipimo 16 kabla ya dropu, anza kuchuja sauti za chini kidogo kidogo, mtu asishtuke. Bana na ule upana wa kushoto na kulia. Kisha rudisha vyote *kwa kiwango kilekile cha mwanzo*. Mwili unaapa kwamba sauti imeongezwa! Daft Punk walithubutu zaidi mwaka 2000: katikati ya "One More Time" ngoma zinatoweka muda mrefu hadi unajiuliza kama umeme umekatika.
*Hukumu:* Haigharimu hata shilingi, ndiyo maana wauza programu hawakuambii.