Pasi Baharini

Safari ya Unguja haiharibiwi na mawimbi peke yake. Pasi nayo inachangia. Mama mmoja wa Temeke, akienda harusini, alikuwa amekaa vizuri na korosho zake mkononi. Boti ilipoiacha bandari ya Dar es Salaam, likamjia: ile pasi aliichomoa?

Alikuwa ameichomoa. Tena alirudi ndani mara mbili kuhakikisha, bajaji ikipiga honi nje, na mara ya pili akaushika hadi waya.

Huko kurudirudi ndiko kulikomponza. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, waliwapa watu jiko la gesi la kwenye kompyuta, wawashe, wazime, wakague, warudie tena na tena. Mwishowe walikumbuka sawasawa walichofanya, ila hawakujiamini. Ukikagua mno, kila ukaguzi unafanana na mwenzake, hujui upi ni wa leo.

Basi katikati ya bahari, simu haishiki mtandao, nyumba ikaungua. Lilianza pazia, likafuata kochi ambalo mkopo wake haujaisha, kisha akawa anatunga maneno ya kumwambia mwenye nyumba. Abiria wa pembeni, akidhani ni kichefuchefu, akampa mfuko.

Aliposhuka tu Malindi, akapiga simu. "Shoga, hebu nichungulilie kwangu, hakunuki moshi?"

"Moshi utoke wapi, na mtaa mzima hauna umeme tangu umeondoka? Ila dirisha la chumbani umeliacha wazi. Mvua ya huku acha tu! Godoro lako ni la kukamua."

Kati ya majanga yote aliyoyapitia baharini, dirisha halikuwamo.

Kumwambia mtu wa hivyo "usiwaze" ni kumkumbusha. Mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Borkovec, na wenzake walijaribu njia nyingine mwaka 1983: wasiwasi usifukuzwe, upangiwe saa. Nusu saa kila siku, wakati uleule, mahali palepale. Ukija kabla, unaambiwa usubiri. Waliofuata utaratibu huo walipunguza muda wa kuwaza kutwa.

Siku hizi mama huyo huchomoa pasi mara moja, akitangaza "nimechomoa!", na watoto huitikia "umechomoa!" Mengine yote yanangoja saa kumi na moja jioni, kibarazani. Akikosa la kuwazia, jirani huleta la kwake, nusu saa isipotee bure.