Sifa za Furu Asiyeshikika

Mwanza ina samaki wake wa kusifiwa, na orodha inajulikana. Sangara ana viwanda vya minofu. Sato ana sahani yake, ugali na kachumbari pembeni. Dagaa ana soko zima la Mwaloni, Kirumba, ambako magunia yake hupakiwa kwa safari za hadi Kongo. Furu hana kitu. Ni mdogo, ana miiba mingi kuliko nyama, na kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa chakula cha kuku: mwaka 1976 kilianzishwa mjini humo kiwanda cha kumsaga awe unga wa mifugo, na hakuna aliyemlilia.

Dhuluma hiyo inastahili kusahihishwa, na mahali pazuri pa kuanzia ni sebuleni. Huko, ndani ya tangi la kioo lililopandwa majani, fadhila za furu huonekana waziwazi dakika ile mwenye nyumba anapoamua kumtoa.

Sababu za kumtoa huwa njema. Mara nyingi dume mmoja amejitawaza, amejitwalia nusu ya tangi na kuwafukuza wenzake hadi mapezi yao yamechanika. Au jike ametaga. Furu jike huatamia mayai mdomoni kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, taya zimetuna na hali chochote cha maana, na madume hawampi nafasi ya kupumua. Anahitaji tangi lake la pembeni. Kwa hiyo mwenye nyumba anakunja mikono ya shati, anachukua wavu mdogo wenye mpini, na kuwaambia watoto kwamba ni kazi ya dakika mbili.

Kabla hajauzamisha, afadhali aelezwe anakwenda kupambana na nani.

Kwanza, nasaba. Furu wa Ziwa Victoria ni ukoo wa aina zaidi ya 500. Wataalamu waliochimba matope ya chini ya ziwa wamegundua kuwa lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Sehemu kubwa ya ukoo huu imechipuka na kutawanyika tangu maji yaliporudi, kwa kasi ambayo ni nadra sana miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo. Tawi lake la kifahari ni mbipi, furu wa miambani, ambao makazi yao ni visiwa vya mawe kama vile Makobe, Kissenda na Visiwa vya Python. Mmoja wao, mwenye mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na milia myeusi, aliandikwa rasmi na wanasayansi Witte-Maas na Witte mwaka 1985 kwa heshima ya Rais wa kwanza wa Tanzania, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka. Leo wanasayansi humwita *Pundamilia nyererei*. Kiumbe kilichopewa jina la mpigania uhuru hakingetarajiwa kuingia wavuni bila upinzani.

Pili, macho. Katika Ghuba ya Mwanza, *Pundamilia pundamilia*, ambaye dume wake ni wa samawati, huishi karibu na uso wa maji, na *nyererei* mwekundu hukaa chini kidogo, mahali ambapo mwanga wa samawati umekwisha kumezwa na maji. Mwaka 2008 Ole Seehausen na wenzake walieleza katika jarida la *Nature* jinsi macho ya kila aina yalivyojirekebisha kulingana na mwanga wa kina chake, na jinsi majike wanavyochagua wachumba kwa rangi. Maji yakichafuka sana, tofauti hufifia na aina hizo mbili huchanganyikana. Ukoo ambao ndoa zake husimama kwa jicho hauwezi kukosa kuuona wavu mweupe ndani ya maji yaliyochujwa usiku na mchana. Ndiyo maana wafugaji wazoefu huchagua wavu mweusi au wa kijani kibichi, na ndiyo maana hata huo haufui dafu mara ya pili.

Tatu, elimu. Hapa furu hana mpinzani, maana mwalimu wake alikuwa sangara. Sangara alipandikizwa upande wa Uganda mwaka 1954, akaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katikati ya miaka ya 1980 alikuwa amejaa Ghuba ya Mwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wameanza kuwahesabu furu wa ghuba hiyo tangu 1977. Walikuja kuhesabu utajiri, wakajikuta wanahesabu maangamizi: aina zipatazo 200 za ziwa hili zinahofiwa kuwa zimetoweka. Waliobaki hawakubaki kwa bahati tu. Mbipi walikuwa na nyufa za miamba. Wengine, wakazi wa maji ya wazi, walirudi miaka ya 1990 wakiwa na miili mingine. *Yssichromis pyrrhocephalus* alipolinganishwa na ndugu zake waliohifadhiwa ndani ya chupa za makumbusho tangu kabla ya balaa, matamvua yake yalionekana kupanuka kwa zaidi ya nusu, na kichwa chake kilikuwa kimepungua kikilinganishwa na shina la mkia. Kichwa chembamba, mkia wenye nguvu: huo ni mwili wa kutimka. Mabadiliko hayo yalichukua miongo miwili tu.

Sangara anaweza kufikia kilo 200, na hakuumaliza ukoo huu. Mwenye nyumba ana wavu wa upana wa kiganja.

Haya, na auzamishe. Furu humwona kama machinga amwonavyo mgambo: bidhaa zimekunjwa na mtu ameshapotelea uchochoroni kabla filimbi haijalia. Siri ya wepesi huo imo ndani ya ubongo. Samaki wengi wa mifupa wana seli mbili kubwa za neva, moja kila upande, zinazobeba jina la Ludwig Mauthner, daktari wa karne ya 19 aliyezieleza. Mtikisiko ukitokea kushoto, seli ya kushoto huamrisha misuli ya kulia kukaza yote kwa pamoja. Mwili hupinda na samaki huruka kuelekea kulia. Sekunde moja ikigawanywa mafungu mia, furu hutumia fungu moja au mawili kuanza kugeuka. Mkono wa binadamu huhitaji mafungu ishirini hivi hata kuanza kutii kile jicho lilichokiona. Zaidi ya hapo, wavu husukuma maji mbele yake, na furu ana mstari wa hisia ubavuni unaosoma msukumo huo. Kadiri mkono unavyoharakisha, ndivyo unavyotangaza ujio wake.

Hapo ndipo fadhila za kijamii zinapoanza. Nyumba ambayo kila mtu alikuwa na simu yake inakusanyika mbele ya kioo kimoja. "Baba, yule pale!" "Wapi?" "Nyuma ya jiwe. Ameshaondoka." Shangazi aliyekuja kusalimia anatoa ushauri. Babu, aliyekulia Ukerewe, anauliza kwa upole kama hakuna ndoana ndani ya nyumba hii. Furu, kwa gharama ya pumzi chache, ameleta umoja ambao sikukuu hazikuuleta.

Fadhila ya pili ni ya kilimo. Nyasi za majini zilizokuwa zimejipanga vizuri zinasukumwa huku na huku, mizizi inang'oka, matope yanapanda. Mwenye nyumba anagundua mimea ipi iliota kweli na ipi ilikuwa imechomekwa tu mchangani. Ndani ya robo saa maji ya tangi, yaliyogharimu chujio na uvumilivu wa miezi, yamefanana kabisa na ya Ghuba ya Mwanza baada ya mvua. Furu yuko nyumbani.

Mtu mwenye akili sasa anapumzika na kubadili mbinu. Anachukua nyavu mbili. Mmoja, mkubwa, anausimamisha pembeni ya majani bila kuutikisa. Wa pili, mdogo, unakuja polepole kutoka upande wa pili kumsukuma samaki. Ni mbinu inayogeuza silaha ya furu dhidi yake mwenyewe, na kuna mnyama aliyeigundua zamani. Katika maji ya Asia ya Kusini-Mashariki yupo nyoka mwenye vipembe viwili puani, ambaye Kenneth Catania wa Marekani alimchunguza na kuandika habari zake mwaka 2009. Nyoka huyo hujikunja, samaki akakaa katikati ya mkunjo, kisha hutikisa kiwiliwili upande mmoja. Seli ya Mauthner inafanya kazi yake, samaki anaruka upande wa pili, na upande wa pili ndipo kilipo kinywa. Mwenye nyumba anayetumia nyavu mbili anajaribu kuwa nyoka. Tatizo ni kwamba nyoka hakupanda majani kati ya kiwiliwili chake na kinywa chake.

Njia ya tatu ni kupunguza maji hadi theluthi. Inafaa sana katika tangi tupu. Katika lililopandwa, majani marefu yaliyokuwa yakielea hulala yote chini, na furu hupata blanketi.

Kisha kuna usiku. Wavuvi wa dagaa hutoka wakati wa giza, mwezi ukiwa haupo, wakawasha taa juu ya maji. Wadudu na dagaa hufuata mwanga, na wavu hufuata dagaa. Dagaa, kwa heshima zote, huja mwenyewe. Furu wa tangini hana ukarimu huo, lakini naye hupumzika. Taa zikizimwa saa moja au mbili, akatulia karibu na mchanga, tochi ikiwashwa ghafla humduwaza kwa muda mfupi, na wavu uliokwisha kuzamishwa tangu jioni unaweza kumpitia chini. Kwa jike mwenye mayai hii ndiyo njia ya huruma, kwa sababu akikimbizwa mchana huweza kuyatema au kuyameza yote, na safari nzima ikakosa maana. Furu, hata hivyo, huchagua mahali pa kulala kwa busara ileile iliyowaokoa mbipi miambani: ndani kabisa ya kichaka kinene, mgongo ukutani.

Mwisho kuna chupa. Chupa ya plastiki ya maji hukatwa shingo, shingo ikageuzwa kinywa kuingia ndani, matundu yakatobolewa na chakula kikatiwa. Samaki wote hunyimwa chakula siku moja, kisha mtego hulazwa tangini. Huu ni mgono wa mababu katika umbo la dukani, na kwa kweli hushika. Hushika kwanza konokono. Kisha watoto wa furu, wote, mmoja baada ya mwingine. Kisha yule samaki mpole ambaye hakuna aliyemlalamikia. Mhalifu hukaa nje, anawatazama wenzake kupitia plastiki, na kuokota makombo yanayopenya kwenye matundu.

Wapo watakaosema kwamba sifa zote hizi ni za bure, kwamba mnyama wa sentimita nane au kumi asiyelika wala kuuzika Kirumba hastahili kurasa za gazeti. Wajibiwe kwa kumbukumbu. Kiwanda kilichotaka kumfanya unga kilitegemea ukoo uliokuwa sehemu kubwa kabisa ya samaki wote wa ziwa, na ukoo huo ukaporomoka ndani ya miaka michache. Baadhi ya waliokuja kuusoma wakati huo waliendelea kuuandika kwa miaka mingi. Nchini Uswisi, Seehausen na wanafunzi wake hufuga furu kutoka Ghuba ya Mwanza na ya Speke, vizazi kwa vizazi, ndani ya matangi yaliyopangwa safu.

Mwaka 2014 *Pundamilia nyererei* alikuwa mmoja wa samaki watano wa jamii yake ambao jenomu zao zilichapishwa kwa pamoja katika *Nature*. Tangu hapo mtu yeyote mwenye intaneti, awe Nyegezi au Bern, anaweza kuufungua urithi wa samaki huyu herufi kwa herufi, mamia ya mamilioni ya herufi, bila kulowana. Akitaka kujua tu leo ana uzito gani, itabidi akunje mikono ya shati na kuwaambia waliopo kwamba ni kazi ya dakika mbili.