Kurasa za Upepo

Ni ada ya vyuo vya uhandisi wa majengo kwamba mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asanifu jumba ambalo hapana atakayelijenga, apige hesabu za nguzo, mabomba na taa, kisha akabidhi kitabu kilichojalidiwa kwa fahari, ambacho ukurasa wake usomwao kwa makini kuliko zote ni ule wa shukrani, maana kila mwalimu hulitafuta jina lake.

Mwaka 1978, hata hivyo, binti mmoja wa Chuo Kikuu cha Princeton, Diane Hartley, aliivunja adabu hiyo, akaandika tasnifu juu ya jumba lililokwisha kusimama: Citicorp Center la New York, lenye ghorofa 59, ambalo nguzo zake kubwa zimewekwa katikati ya pande badala ya pembeni, ili kanisa lipate nafasi yake chini. Hesabu zake zikadai kwamba upepo ujao kwa mshazari hulielemea jumba hilo kupita ule ulipigao usoni. Akauliza, akajibiwa kwa upole wa kitaalamu kwamba jengo ni imara. Mhandisi mkuu, William LeMessurier, alipoitazama upya kadhia hiyo (kwa swali la binti huyu au la mwanafunzi mwingine, wajuzi wangali wakibishana), mafundi wakaitwa kuchomelea vyuma kwenye viungo vilivyofungwa kwa bolti, nao wakafanya kazi usiku, makarani wakiwa wamekwenda zao na magazeti ya mji, kwa rehema ya Mola, yakiwa katika mgomo. Umma haukupata habari mpaka mwaka 1995.

Enyi wahadhiri watukufu, mkishindwa kuvisoma vitabu hivyo vyote, someni basi kurasa za upepo.