Namna ya Kushinda Ubishi wa Askari Bora Bila Kujua Kucheza

Ndugu yangu, acha kuhangaika kujifunza kucheza. Pambano moja la mchezo wa kompyuta wa Age of Empires huisha jioni hiyohiyo, na likiisha limeisha. Ubishi wa askari wa taifa gani ana nguvu kuliko wote haujaisha tangu mchezo huu ulipotoka mwaka 1997, wala hauna dalili ya kuisha. Mtu mwenye akili atazipeleka wapi nguvu zake?

Kwa bahati nzuri walioutengeneza, Ensemble Studios ya Dallas, Marekani, walikuandalia uwanja. Waliweka mataifa 12 ya kale, kuanzia Wamisri na Wasumeri hadi Yamato wa Japani, na mwaka uliofuata wakaongeza Warumi, Wakarthago, Wamakedonia na Wapalmira. Jumla 16, kila moja na upendeleo wake na upungufu wake. Ni wachache mno wanaoyakumbuka yote kichwani, na hao wachache hawapendi kubishana. Waliobaki ni wenzako.

Kwanza: chagua taifa kwa ukubwa wa mnyama

Wanaojua huchagua taifa kwa kuangalia linavyovuna chakula na linavyokata miti. Wewe chagua lenye tembo. Tembo wa vita ana pointi 600 za uhai. Yule mwenye rungu wa Zama za Mawe ana 40. Mikononi mwa Wakarthago tembo huyo anafika 750. Hiyo 750 ndiyo mtaji wako wote. Itamke polepole, halafu nyamaza, unywe chai.

Usiongeze neno. Ukiongeza neno itabidi useme kwamba tembo hali bure: chakula 170 na dhahabu 40 kabla hajatoka zizini. Itabidi useme pia kwamba hapatikani mpaka ufike Zama za Chuma, na kwamba akianza safari ya kwenda kwa adui, adui anapata muda wa kujenga ukuta na kuupaka rangi. Funika kombe.

Kuna Waajemi, ambao tembo wao hutembea haraka zaidi, na Wafoinike, ambao huwapata kwa bei nafuu. Waache. Haraka na nafuu ni sifa za kumvutia mtu anayecheza.

Pili: dai pambano la mmoja kwa mmoja

“Mlete akida wako, nami nilete tembo wangu, wawili tu uwanjani.” Sema hivyo hata kama hakuna aliyekuuliza. Akida ndiye kilele cha askari wa mkuki, uhai 160 na pigo la 30, na mpinzani atakuwa na hamu ya kumsifia. Mwache amsifie. Uzuri wa pambano la mmoja kwa mmoja ni kwamba halitokei. Kwenye mchezo wenyewe askari huja kwa makundi, nyuma yao mitambo ya kurusha mawe, pembeni wapiga mishale, na mtu fulani amesahau kuongeza nyumba. Huko kwenye vurugu ndiko unakopigwa. Kwa hiyo usikubali ubishi upelekwe huko.

Mpinzani akianza hesabu, kwamba kwa gharama ya tembo mmoja angepata akina fulani wangapi, mkatize. Mwambie: “Mimi naongea nguvu, wewe unaongea bei. Kwani hapa ni sokoni?” Waliokaa pembeni watacheka, na mtu anayechekwa hamalizi kugawanya.

Nitakupa pia hoja moja ya kweli, maana sipendi uende mikono mitupu. Katika toleo la kwanza kila mchezaji aliruhusiwa watu 50 tu, wakulima na askari pamoja. Penye viti vichache hivyo, mwenye uhai 600 ana thamani kuliko mwenye 40, kwa sababu wote wawili hukalia kiti kimoja. Hoja hii ni nzito. Itumie mara moja tu. Ukizoea kusema kweli watu watakuzoea.

Tatu: jiandae kwa kuhani

Hapa ndipo wengi walipoaibika, kwa hiyo nitakaa nawe kidogo.

Mapema au baadaye atainuka mtu na kumtaja kuhani. Kuhani ana uhai 25. Hana upanga wala ngao, ana joho na fimbo. Anagharimu dhahabu 125. Anasimama mbali, anainua mikono, anaimba “wololo, wololo”, na tembo wako wa 750, uliyemlea, uliyemnyima usingizi mkulima kwa ajili yake, anabadilika rangi, anageuka, na kuanza kukanyaga waliokuwa wenzake dakika moja iliyopita. Kuhani wa Wamisri hufanya haya akiwa mbali zaidi kuliko wa wengine. Angalia ukatili wa jambo lenyewe: kadiri askari wako alivyo bora ndivyo anavyomfaa kuhani. Hakuna anayepoteza wimbo wake kwa mwenye rungu.

Ukikaa kimya hapa umekwisha. Una milango mitatu.

Wa kwanza ni wa ufafanuzi. Uliza kwa upole, “Huyo kuhani anapiga?” Hapigi. “Ana silaha?” Hana. “Basi si askari, na sisi tunazungumzia askari.” Tabasamu. Mlango huu umewaokoa wengi.

Wa pili ni wa heshima. Nung'unika kwamba wewe hupendi kushinda kwa ushirikina, unapenda vita vya wanaume. Tazama dirishani unaposema hivyo.

Wa tatu hutumika ukiwa umebanwa kabisa: badilisha taifa katikati ya sentensi. Wamakedonia ni wagumu mno kugeuzwa na makuhani, na magari ya vita ya kukokotwa na farasi nayo ni magumu, tena hayali dhahabu hata chembe, ni chakula na mbao tu. “Ndiyo maana siku zote nasema magari ya farasi.” Hujawahi kusema, lakini nani anaandika? Angalizo: usikae sana kwenye magari ya farasi. Ni askari wazuri kweli. Ukiyafikiria kwa makini utaanza kuuelewa mchezo, na mwongozo huu hautakufaa tena.

Nne: ingiza historia, lakini mlango mmoja tu

Takwimu zikikugeuka, kimbilia kwenye vitabu. Hapa una mlezi mkubwa, Firauni Ramesses II. Mnamo mwaka 1274 KK alipeleka magari yake ya farasi hadi Kadesh kupambana na Wahiti wa mfalme Muwatalli. Akadanganywa na wapelelezi wa adui, akavamiwa akiwa hajajipanga, akanusurika, akarudi nyumbani. Kadesh ikabaki kwa Wahiti. Baada ya hapo akafanya nini? Akachora ushindi wake kwenye kuta za Abu Simbel, za Luxor, za Karnak na za hekalu lake mwenyewe, akiwa mkubwa juu ya gari, maadui wakianguka miguuni. Miaka 15 hivi baadaye Wamisri na Wahiti wakatia saini mkataba wa amani. Zaidi ya miaka 3,000 imepita na watalii bado wanapiga picha ukuta. Wewe unaogopa kudai sare?

Jifunze kwake: chagua tukio moja zuri, lirudierudie, na usikaribie jirani yake. Ukiwa mtu wa Karthago, ongea juu ya Hannibal kuvuka milima ya Alps mwaka 218 KK na tembo wapatao 37. Piga chuku kuhusu theluji. Mtu akitaja vita vya Zama, mwaka 202 KK, ambako Hannibal huyohuyo alipanga tembo zaidi ya 80, Scipio wa Roma akaacha njia wazi katikati ya vikosi vyake, na tembo wakapita humo kwenda zao huku wengine wakirudi kuwakanyaga Wakarthago wenyewe, wewe jitie hamnazo. Uliza kama kuna mwenye chaja.

Na mtu anayejua vita vya Raphia ukimwona, mkimbie kabisa. Mwaka 217 KK Ptolemaio IV wa Misri alileta tembo waliokamatwa upande wa Bahari ya Shamu, wakawekwa mbele ya tembo wa Kihindi wa Antioko III, na wengi wao wakakataa kupigana. Ptolemaio alishinda vita hivyo kwa askari wa miguu. Hadithi nzuri sana, haikusaidii kwa lolote.

Usisumbuke mtu akikwambia historia na mchezo ni vitu viwili. Ni kweli, na ni faida kwako. Humo ndani Yamato wa Japani wanapigana na Wahiti ambao dola yao ilianguka zaidi ya miaka 1,000 kabla Yamato hawajawa na mfalme. Mchezo wenyewe haujali, kwa nini wewe ubanwe na tarehe?

Tano: “Toleo gani?”

Mwenye takwimu sahihi humwangushi kwa takwimu. Mwangushe kwa swali hili. Kuna la 1997, kuna nyongeza ya 1998, kuna lililofanyiwa ukarabati mwaka 2018, na mwaka 2023 mataifa haya yakahamishiwa ndani ya Age of Empires II pamoja na taifa jipya la Lac Viet. Katika safari hiyo namba zimeguswaguswa. Atakapokutajia namba yoyote, tikisa kichwa kwa huruma: “Hiyo ni ya zamani.” Akisema ni ya juzi: “Ndiyo, walipouharibu.”

Ukibanwa hata hapo, hama mchezo. Upo 0 A.D., unaotengenezwa na watu wa kujitolea na kugawiwa bure, uliobeba jina la mwaka ambao haujawahi kuwepo. Humo wamo Wakushi, taifa la Meroe, huko Sudan ya leo, ambalo Age of Empires ya kwanza haikulipa nafasi ingawa Wakushi waliwahi kuitawala Misri yenyewe. Simama, uonekane umeumia kwa niaba ya bara zima. Hapo atanyamaza hata mwenye hoja.

Sita: wanakijiji wasitajwe

Sogea karibu, hili halisemwi kwa sauti.

Wachezaji wanaoshinda hawaamki asubuhi wakifikiria tembo. Wanamfikiria yule mtu aliyevaa kipande cha nguo kiunoni, anayekata mti, anayechuma matunda, anayegharimu chakula 50. Wanawapenda Shang wa China kwa sababu mwanakijiji wao hugharimu chakula pungufu. Wanawapenda Waashuri na Yamato kwa sababu wao wanakijiji hutembea haraka. Kule Vietnam, ambako mchezo huu uliendelea kuchezwa kwa mashindano na kutazamwa na umati miaka mingi baada ya wengine kuusahau, mabingwa hushindana kwa kuwahi. Atakayetangulia kuwa na wakulima wengi atatangulia kufika zama inayofuata, na wa pili atakapomaliza kumnunua tembo wake wa kwanza atakuta hana mji wa kumfuga.

Maongezi yakielekea huko, yaue. Ubishi mzima unasimama juu ya makubaliano kwamba tunalinganisha askari. Siku mtakapoanza kulinganisha wakulima, wote mtalazimika kuonyesha mlivyocheza, na wewe wakulima wako saba walikuwa wamesimama kando ya mto wakisubiri amri tangu Zama za Zana.

Saba: ukilazimishwa kucheza

Itatokea. Mtu atachomeka waya, atasema “Basi tuone.” Chukua tembo wako kama ulivyoahidi. Tembo wa mchezo huu wana sifa ya kushindwa kupita penye miti. Watabanana kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni, na hiyo ni lawama ya watengenezaji, si yako. Jenga pia mitambo ya mawe nyuma yao. Jiwe halichagui rangi, huua wa kwako na wa kwake sawasawa, na ukishapoteza nusu ya jeshi kwa mkono wako mwenyewe utakuwa na haki ya kusema adui hakukugusa.

Nyumbani, ukiwa peke yako dhidi ya kompyuta, andika “bigdaddy”. Litatokea gari jeusi la kisasa lenye roketi katikati ya Zama za Mawe. Andika “photon man” upate mtu wa mavazi meupe mwenye bunduki ya mionzi. Hao wana nguvu kuliko askari wote wa kawaida katika mchezo mzima, na ni wa taifa lolote linalojua tahajia. Futa mji wa kompyuta, kisha ondoa gari kwenye kioo na upige picha magofu tu. Picha hiyo itakusaidia mbele za watu wasiokuwepo.

Nane: ukishashindwa

Usikubali, wala usikatae. Dai mrudiane kwa kubadilishana mataifa: yeye achukue Karthago yako, wewe uchukue Shang wake. Atakubali, washindi wana ukarimu wa kijinga. Utapigwa tena, safari hii na tembo wale wale, wakiwa chini ya mtu anayewajua. Tembo wa kwanza akiingia mjini kwako, simama, piga makofi, wageukie watazamaji.

“Mnaona? Tangu mchana nawaambia huyu mnyama hashindiki!”

Kisha nenda kanunue soda, haraka, kabla hajauliza ulikuwa na wanakijiji wangapi.